Kila Picha Ina Mshono Wake

Katika banda la video la mtaani kwetu kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mtoto aliyelibishia: wanaouawa kwenye filamu wanakufa kweli. Ni wafungwa. Kaka mmoja mkubwa alitueleza kwamba kule Marekani watu waliohukumiwa kifo hutolewa gerezani, hukabidhiwa kwa watengeneza filamu, na badala ya kunyongwa hupigwa risasi mbele ya kamera. Ndiyo maana stelingi hafi, kwa sababu yeye si mfungwa. Maelezo yakawa yamekamilika, tukatulia, tukaendelea kutazama. Ukubwani nimekutana na watu waliokulia Mwanza, Mombasa na Bujumbura waliosimuliwa hadithi hiyohiyo, kwa maneno karibu yaleyale.

Sidhani kwamba tulikuwa wajinga. Tuliona bunduki, tukaona damu, tukaona mtu anaanguka na haamki. Jicho likishasema limeona, akili hutafuta sababu, na sisi tulipewa sababu iliyoingia akilini. Tulichokosa ni kuambiwa kwamba kile tulichokiona kama tukio moja kilikuwa vipande vingi vilivyoshonwa pamoja.

Kosa hilo bado linafanyika kila siku, na wanaolifanya ni watu wazima. Mwigizaji wa tamthilia anazomewa sokoni kwa sababu juzi usiku alimwekea mke mwenzake sumu. Klipu ya sekunde 20 ya mwanasiasa inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na anayeuliza maneno ya kabla na ya baada anajibiwa, "Mimi nimemwona kwa macho yangu." Mabishano kwenye daladala yanafungwa kwa neno moja: picha haidanganyi. Neno hilo ndilo ninalotaka kulifumua hapa, uzi kwa uzi.

Kitambaa, mkasi na uzi

Tuanze na maneno matano. Fremu ni picha moja tuli, kama ile ya pasipoti. Filamu ni fremu nyingi zinazopitishwa kwa kasi, kwa kawaida 24 kila sekunde kwenye sinema na 25 kwenye televisheni za kwetu. Hakuna kinachosogea kwenye skrini. Ubongo wako ndio unaoziunganisha ukaona mwendo. Filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Shoti ni mfululizo wa fremu bila kukatwa: mtu anaingia mlangoni, basi. Sini ni shoti kadhaa zinazosimulia jambo moja mahali pamoja. Na uhariri ni kuamua shoti zipi zibaki, kila moja ianzie na kuishia wapi, na ipi ifuate ipi.

Sasa mfikirie fundi cherehani. Unampelekea kitenge kizima, anakikata. Mkono unakatwa peke yake, kola peke yake, mgongo peke yake. Ukipita vipande hivyo vikiwa mezani hutajua ni nguo gani. Akishashona na kupiga pasi, unavaa gauni na hakuna anayehesabu vipande, kwa sababu mshono mzuri hugeuziwa ndani. Mhariri wa filamu, ambaye wenyewe wanamwita edita, ni fundi wa aina hiyo. Tofauti iko kwa mvaaji. Anayevaa gauni anajua kwamba lilishonwa, ila mtazamaji huchukulia kwamba picha ilizaliwa hivyo ilivyo.

Filamu za kwanza hazikuwa na mshono. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha picha zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila filamu ilikuwa shoti moja isiyofika dakika. Mojawapo ni wafanyakazi wakitoka kiwandani mwao. Utasema hapo basi hakuna ujanja, kamera ilisimama na watu wakapita. Lakini zimebaki nakala tatu tofauti za wafanyakazi hao wakitoka kiwandani hapohapo, kwa sababu zoezi lilirudiwa. Tangu siku ya kwanza kulikuwa na mtu anayeamua ni picha ipi imetoka vizuri.

Mtu anavyouawa bila kuguswa

Mwaka 1960 ilitoka filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo Psycho. Ndani yake mwanamke anachomwa kisu bafuni, na walioiona hawaisahau sini hiyo. Inachukua kama dakika moja hivi, lakini kuipiga kulichukua siku saba, kamera ikihamishwa zaidi ya mara 70. Ndani ya muda huo mfupi picha inakatwa takriban mara 50: mkono, kisu, mdomo uliofunguka, pazia, maji, miguu. Damu ile ni sharubati ya chokoleti, maana filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe na sharubati ilionekana vizuri zaidi. Sauti ya kisu kuingia mwilini ilipatikana kwa kuchoma tikiti. Watu walitoka ukumbini wakiapa wameona mwanamke akichinjwa. Mauaji yenyewe waliyakamilisha wao, vichwani mwao, katika nafasi iliyo kati ya shoti na shoti.

Ngumi nazo ni hivyohivyo. Mpigaji anapitisha mkono mbali kidogo na shavu, kamera imewekwa nyuma ya mmoja wao ili pengo lisionekane, anayepigwa anageuza kichwa kwa wakati wake, na mlio unapachikwa baadaye. Ukisimama pembeni ya lokesheni utaona watu wawili wakipunga hewa.

Turudi kwa wafungwa wetu. Jibu rahisi ni kwamba sheria hairuhusu. Ajali zimewahi kuua watu kazini. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alipigwa risasi kwa bahati mbaya wakati wa upigaji picha, na mwaka 2021 mpigapicha Halyna Hutchins akafa vivyo hivyo huko New Mexico. Mara zote mbili kazi ilisimama, polisi wakaja, na dunia nzima ikapata habari. Lakini lipo jibu lingine ambalo mtoto yeyote wa banda la video angelielewa. Shoti hairekodiwi mara moja. Inarudiwa, kila marudio huitwa teki, mpaka muongozaji aridhike: mara mwanga umebadilika, mara pikipiki imepita ikiunguruma, mara mwigizaji amesahau maneno. Mfungwa akishakufa teki ya kwanza, ya pili atakufa nani?

Jambo lingine linalowashangaza wengi ni mpangilio wa kazi. Filamu hairekodiwi kwa kufuata hadithi. Nyumba ya kukodi inalipiwa kwa siku, na jenereta, gari na chakula cha watu 20 vinalipiwa kwa siku. Kwa hiyo kila sini inayotokea sebuleni hupigwa kwa mkupuo, iwe ya mwanzo wa hadithi au ya mwisho. Mwigizaji anaweza kumlilia mama yake marehemu asubuhi na kugombana naye jioni. Ili mavazi na vitu vifuatane, kuna mtu anayeandika kila kitu kwenye daftari: mkono wa shati ulikunjwa mpaka wapi, glasi ilibakia na juisi kiasi gani. Kazi hiyo huitwa kontinuiti, yaani mwendelezo. Filamu zetu nyingi za Bongo hupigwa kwa siku chache na fedha kidogo, ndiyo maana utaona dada anaingia chumbani na kilemba chekundu anatoka na cha kijani. Watu wanazicheka. Mimi nawashauri wazitazame kwa makini, kwa sababu pale mshono umejitokeza nje, na aliyeuona hapo ataanza kuutafuta hata kwenye filamu za mamilioni ya dola.

Uso mmoja, hisia tatu

Kuna jaribio moja ambalo, kwangu, linaeleza televisheni kuliko kitabu chochote. Miaka michache baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwalimu wa filamu Lev Kuleshov alichukua shoti ya mwigizaji maarufu Ivan Mozzhukhin akitazama mbele, uso umetulia, hauna furaha wala huzuni. Akaiunganisha na shoti ya sahani ya supu. Kisha akaiunganisha shoti ileile na ya jeneza. Kisha na ya mwanamke aliyejilaza. Waliosimulia habari hizi wanatofautiana kidogo kuhusu picha zilizotumika, ila matokeo wanayaeleza sawa. Watazamaji walimsifu mwigizaji: anavyoitazama ile supu kwa njaa, anavyomwomboleza marehemu, anavyomtamani yule mwanamke! Uso ulikuwa uleule, haukubadilika hata kidogo.

Maana haikukaa kwenye shoti ya uso wala kwenye shoti ya jeneza. Ilizaliwa kwenye mshono.

Ukilishika hilo, tamthilia za jioni zitakuonyesha mambo mapya. Mke anasema neno, kamera inakata kwenda kwa mawifi wakitazamana, muziki unapanda, unarudishwa kwa mke. Hujaambiwa kwamba mawifi wana njama, na wala hawajasema kitu. Umejua. Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye habari au kwenye klipu ya simu. Mbunge anazungumza bungeni, picha inakata kwenda kwa mwenzake anayepiga miayo. Je, alipiga miayo kwa hotuba hiyo, au saa mbili kabla, ikisomwa ajenda nyingine? Shoti ya miayo ni ya kweli. Shoti ya hotuba ni ya kweli. Uongo, kama upo, umo kwenye uzi. Ndiyo maana kubishana kama "picha ni ya kweli" mara nyingi hakufiki mahali. Swali lenye kuzaa kitu ni hili: nani ameziweka hizi mbili pamoja, na kati yao ameondoa nini?

Vipindi vinavyodai kuonyesha maisha halisi ya watu vinaegemea hapo kabisa. Kamera zinawaka mchana na usiku, kisha saa nyingi zinabanwa ziwe saa moja. Mhariri akitaka mshiriki awe mkorofi, anakusanya kila jicho alilokata na kila mlango alioubamiza, na anaacha kapuni alivyompikia mwenzake uji alipougua. Wapo wanaofika mbali zaidi: wanachukua nusu ya sentensi ya Jumatatu na nusu ya Alhamisi, wanazishona, na mahali pa kiraka wanaweka picha ya dirisha au ya mtu mwingine anayesikiliza ili usione mdomo umeruka. Ukimsikia mtu anaongea huku unaonyeshwa kitu kingine, jua kwamba hapo mkasi ungeweza kupita.

Masikio yanapotangulia macho

Watu wengi hudhani kamera hunasa na sauti zote zilizopo. Kwa kweli sauti nyingi za filamu hutengenezwa studio, baada ya picha kukatwa. Kazi ya kutengeneza nyayo, milango na mikwaruzo inaitwa foli, kwa jina la Jack Foley aliyeianzisha Hollywood filamu zilipoanza kuwa na sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwato za farasi zimepigwa kwa vifuu vya nazi. Mfupa unaovunjika ni figili ya majani inayokatwa karibu na maikrofoni. Hata vicheko vingi kwenye vichekesho vya televisheni vya Marekani, kuanzia miaka ya 1950, vilitolewa kwenye mashine iliyobuniwa na Charley Douglass, fundi aliyeweza kubonyeza kitufe akapata kicheko cha mwanamke mmoja au cha ukumbi mzima. Unacheka kwa sababu umesikia wengine wakicheka, na wengine hao hawapo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi, kwa sababu tulilelewa nalo. Nani hamkumbuki Lufufu, aliyewatafsiria Watanzania filamu za Kihindi, za Kichina na za Kizungu? Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao. Watafsiri hawa hawafuati maneno ya filamu moja kwa moja. Wanampa adui jina la mtaani, wanaongeza utani, wanamfanya mzee wa Hong Kong aongee kama mjumbe wa nyumba kumi. Kung fu ileile, ikiwa na sauti nyingine, inakuwa hadithi nyingine, na anayetazama anatoka na filamu ambayo muongozaji wake hakuitengeneza. Naiheshimu sana sanaa hiyo. Inaonyesha wazi kile ambacho matangazo ya biashara na taarifa za habari hufanya kwa kificho: anayeshika sauti ndiye anayeamua macho yaone nini.

Habari, umati na neno "mubashara"

Taarifa ya habari ya dakika mbili hutokana na safari ya nusu siku. Mwandishi akiwa na kamera moja, mahojiano hupigwa yakimwelekea anayehojiwa, na wakati mwingine mwandishi hurekodiwa baadaye akitikisa kichwa au akirudia maswali, ili mhariri apate kitu cha kufunika mikato. Hilo si lazima liwe ulaghai; ni pindo la nguo. Tatizo linaanza pale kichwa kinapotikiswa mahali ambapo hakikutikiswa.

Kuhusu umati, nitasema jambo moja ambalo likijulikana litapunguza mabishano mengi ya wakati wa kampeni. Watu 60 wakisimama wamebanana na kamera ikiwekwa usawa wa mabega, wanajaza skrini. Kamera ikiwa mbali na lenzi ikiwa ya kuvuta, waliosimama kwa kuachiana nafasi huonekana wamegandamana. Panda juu ya paa na walewale wataonekana na uwanja mtupu ukiwazunguka. Wapigapicha wawili wa kweli, wasiodanganya, wanaweza kuondoka kwenye mkutano mmoja na mikutano miwili. Kabla ya kusema "watu walifurika" au "watu hawakuja", angalia kama umeonyeshwa kingo za uwanja.

Na neno "mubashara" limepewa heshima kubwa kuliko linavyostahili. Kurushwa moja kwa moja maana yake ni kwamba hakuna muda wa kukata baadaye, lakini ukataji unafanyika papo hapo. Kwenye mechi ya mpira kuna kamera nyingi na mtu mmoja ndani ya gari la matangazo anayechagua ipi iende hewani. Ukiona refa kapigiwa kelele, kuna kamera nyingine iliyokuwa ikitazama kitu tofauti sekunde hiyohiyo.

Wanyama wetu kwenye skrini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni nchi yetu inayoonyeshwa.

Filamu za wanyama huaminika kuliko zote, maana simba haigizi. Lakini anayemfuata simba kwa kamera ya lenzi ndefu yuko mbali, na maikrofoni haiwezi kusikia nyasi zikikatika chini ya miguu yake. Sauti hizo mara nyingi ni za studio. "Simba jike na watoto wake" unaowafuata kwa dakika 50 wanaweza kuwa simba wa makundi mawili, waliorekodiwa miaka miwili tofauti. Mwaka 2011 watazamaji wa Uingereza walishtuka walipofahamu kwamba vitoto vya dubu wa barafu kwenye kipindi cha BBC cha Frozen Planet vilirekodiwa kwenye bustani ya wanyama nchini Uholanzi. Watengenezaji walijitetea kwamba kuingiza kamera kwenye pango la dubu wa porini kungehatarisha wanyama na watu. Utetezi huo nauona una uzito. Lakini picha za bustani zilishonwa na za porini bila kipindi chenyewe kusema waziwazi wapi pameungwa, na hapo ndipo ninapoungana na waliolalamika.

Kisa kibaya zaidi ni cha 1958. Kampuni ya Disney ilitoa filamu ya nyikani, White Wilderness, iliyoonyesha wanyama wadogo wa nchi za baridi waitwao lemingi, wa jamii ya panya, wakijirusha majini kutoka kwenye genge kana kwamba wanajiua kwa makundi. Ikashinda tuzo ya Oscar. Miaka ya 1980 wanahabari wa televisheni ya Kanada walichunguza wakaeleza kwamba wanyama hao walinunuliwa na kuletwa mkoa wa Alberta, wakazungushwa kwenye jukwaa lililotandazwa theluji ili waonekane wengi, kisha wakasukumwa. Lemingi hawajiui. Hata hivyo mpaka leo watu duniani kote wanawatumia kama mfano wa kufuata mkumbo hadi kifo, na baadhi yao wameitoa imani hiyo kwenye mshono wa filamu moja.

Serengeti nayo ina filamu yake. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilitoka mwaka huohuo, ikapata Oscar, ikaifanya dunia kuipenda Serengeti, na kwa hilo wanyama wengi wameishi. Grzimek aliamini hifadhi inapaswa kuwa nyika isiyokaliwa na watu. Na mwaka 1959 ndipo serikali ya kikoloni ilipokamilisha kuwahamisha Wamasai kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Uamuzi huo ulitangulia filamu, sisemi filamu ndiyo iliyowatoa. Ninachosema ni kwamba tangu hapo kamera nyingi zimejifunza kuitazama ardhi hiyo kana kwamba haikuwahi kuwa na mwenyewe. Nenda Mto Mara nyumbu wanapovuka: magari ya watalii yamejipanga kwa makumi, madereva wanaitana kwenye redio, vumbi tupu. Kwenye filamu utaona nyumbu, mamba na maji. Kila kilichoonyeshwa kilikuwepo, na kilichoachwa nje ya fremu kilikuwepo vilevile.

Wakati mwingine Hollywood haikuona hata haja ya kuja. Filamu ya Tarzan ya 1932 ilipigwa California. Tembo waliopatikana walikuwa wa Asia, wenye masikio madogo, kwa hiyo wakavalishwa masikio ya bandia wafanane na wa Afrika. Picha za mandhari zilichukuliwa kwenye mabaki ya filamu nyingine iliyokuwa imepigwa huku kwetu. Na ile The Lion King ya 2019, yenye Simba na Rafiki wanaozungumza kana kwamba ni wanyama halisi, kwa maelezo ya muongozaji wake Jon Favreau ina shoti moja tu iliyopigwa kwa kamera: jua linachomoza, mwanzoni kabisa. Mengine yote ni kompyuta. Watoto wetu wanajifunza mbuga zao hapo.

Waliosema hatuwezi kuelewa

Kuna imani moja kongwe ambayo ni lazima niitaje, kwa sababu iligusa ardhi yetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, zikiwemo za kuweka akiba posta na za kodi, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi. Zilikuwa hazina sauti ndani yake. Maneno yaliwekwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Waigizaji walikuwa Waafrika.

Katika miaka hiyo na iliyofuata, kitengo cha filamu cha makoloni kilipoundwa London mwaka 1939, wakubwa wake walifundisha kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Apewe shoti ndefu, za polepole, bila mikato ya haraka wala ujanja wa kamera, la sivyo atachanganyikiwa. Wakati huohuo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wanajaza majumba ya sinema kuangalia filamu za Kihindi na za Marekani zenye mikato ya kila aina, wakitoka wanazisimulia barazani na nyimbo zake wanaziimba. Ushahidi ulikuwa mtaani, ila mtaa haukuulizwa.

Kusoma picha si kipaji cha watu fulani. Ni mazoea, kama kusoma mshono, na mtu anaweza kuanza jioni moja.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa shangazi yangu, ambaye hukosa sala ya jamaa lakini hakosi tamthilia ya saa tatu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwomba tuzime sauti, dakika moja tu, na kila picha inapobadilika aweke punje moja pembeni. Alikataa kwanza, akisema nitamkosesha jambo la muhimu. Kisha akakubali. Kwenye skrini mama mkwe na mkwe walikuwa wanagombana mezani.

Mwanzoni mkono wake ulichelewa. Kisha ukashika kasi, tik, tik, tik, pembeni mwa ungo. Tangazo lilipoingia akahesabu. Punje 19.

"Dakika moja hii?" akauliza.

"Dakika moja, shangazi."

Akazitazama zile punje. Akanyanyua macho kwenye skrini iliyokuwa inatangaza sabuni, bado hatujarudisha sauti, akazitazama tena.

"Mwanangu," akasema, "hawa wawili hawajaonekana pamoja hata mara moja. Inawezekana wakati huyu anatukana, mwenzake yuko kwake analala."

Tangazo likaisha. Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti nirudishe sauti, akanizuia.

"Acha kwanza," akasema, akachota punje nyingine.